Kuchaji betri ya pili ya gari la safari na karavani kwa sola na kwa alteneta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenye magari ya safari, trela za kambi na karavani wanaolala porini Tanzania na Kenya, wakiwa na friji, taa, pampu ya maji na simu zinazohitaji umeme mahali ambapo hakuna nguzo wala soketi. Mfano unaotumika zaidi ni Land Cruiser yenye betri ya pili, kwa kuwa ndiyo gari lililozoeleka katika kazi hii huku kwetu, lakini yanayosemwa kuhusu nyaya, volti na jua yanahusu pia karavani inayovutwa na gari lolote. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi, na limerudiwa kwa makusudi: betri nyingi za kambi hufa mapema kwa sababu hazijawahi kujaa, na mara nyingi kinachozizuia kujaa ni nyaya, wala si uchache wa paneli.

Kwa nini nisitumie betri ileile inayowasha injini?

Betri ya kuwasha imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, kisha kujazwa tena na alteneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme, muda mfupi baadaye. Mabamba yake ni membamba, na hayakukusudiwa kushushwa chaji hadi nusu usiku baada ya usiku. Ukiifanya iendeshe friji hadi alfajiri, itachoka ndani ya miezi michache, na kabla haijachoka kabisa kuna asubuhi ambayo gari halitawaka. Mjini utamwita jirani akushtulie betri, lakini ndani ya hifadhi, ambako hairuhusiwi kushuka na kutembea ovyo, hitilafu hiyo ndogo inaweza kukugharimu siku nzima. Betri ya pili inayotengwa na ile ya kuwasha ndiyo kinga ya kwanza, na ni kwa sababu hiyo mfumo wote unaoelezwa hapa unaanzia kwenye kuzitenganisha betri mbili pale injini inapozimwa.

Ninunue betri ya aina gani?

Ukiingia dukani na kuomba N70 au N100 utapewa betri ya gari, na namba hiyo inakueleza ukubwa kwa ampea-saa, yaani ampea zikizidishwa kwa saa ambazo betri inaweza kuzitoa, haikuambii kama betri inavumilia kushushwa chaji kwa kina. Kwa kambi, omba betri ya sola au betri kavu ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo, iliyoandikwa kuwa ni ya matumizi ya mzunguko wa kina. Betri ya maji ni nafuu na fundi yeyote anaifahamu, lakini humwaga asidi gari likiinama, hutoa gesi, na haifai kabisa kukaa ndani ya chumba cha kulala cha karavani. AGM haimwagiki na huvumilia mtikisiko wa barabara ya vumbi, jambo ambalo aliyewahi kupita kati ya Ngorongoro na Seronera hahitaji kuelezwa.

Betri ya lithiamu, hasa ile ya lithiamu, chuma na fosfeti inayoandikwa LiFePO4, ni ghali wakati wa kununua, ila unaweza kutumia takribani asilimia 80 ya ukubwa wake bila kuidhuru, ilhali betri ya risasi na asidi, yaani ile ya maji na AGM, ni vyema isishuke chini ya nusu. Pia ni nyepesi mno kuliko ya risasi yenye ukubwa uleule. Haipendi joto la chini ya boneti, na haipaswi kuchajiwa ikiwa baridi iko chini ya nyuzi 0, tahadhari ambayo huku haitusumbui sana lakini inamhusu sana ndugu aliyeko Ujerumani au Kanada mwenye gari la kulala. Kwa maoni yangu, anayelala porini mwaka mzima kwa biashara atarudisha gharama ya lithiamu, na anayetoka likizo mara mbili kwa mwaka atatosheka na AGM.

Nitajuaje ukubwa wa betri ninaohitaji?

Anza na friji, kwa sababu ndiyo mlaji mkuu. Friji ya kompresa ya volti 12, yenye ujazo wa lita 40 hadi 50, huvuta takribani ampea 4 inapofanya kazi, na katika joto la kawaida la kwetu hufanya kazi kwa kama asilimia 40 ya muda. Zidisha ampea 4 kwa saa 24 kisha kwa 0.4, utapata karibu ampea-saa 38 kwa siku. Ongeza taa za LED ampea-saa 5, simu na kamera 5, pampu ya maji 2, na tayari umefika 50.

Kwa betri ya risasi na asidi isiyopaswa kushuka chini ya nusu, ampea-saa 50 kwa siku zinadai betri ya 100 kwa usiku mmoja bila chaji yoyote, au 200 kwa siku mbili za kupumzika kambini. Kwa lithiamu, betri ya 100 itakupa siku moja na nusu hivi. Tsavo mwezi wa Februari friji itafanya kazi kwa zaidi ya nusu ya muda, kwa hiyo hesabu ya mtu wa Nairobi haitamfaa mtu wa Voi. Njia nafuu kuliko zote ya kuongeza betri ni kuipoza friji ukiwa bado nyumbani, kupakia vinywaji vilivyokwisha kupoa, na kuifunika isipigwe na jua ndani ya gari.

Je, ninaweza kuchemsha maji kwa birika la umeme kupitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani?

Birika la wati 1,500 litavuta karibu ampea 140 kutoka kwenye betri ya volti 12. Tumia gesi.

Nimeendesha gari nusu siku, kwa nini betri ya pili haijajaa?

Betri ya risasi na asidi haipokei chaji kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa imeshuka hadi nusu, itameza mkondo mwingi mpaka ifike takribani asilimia 80, na hapo, hata ukiwa na alteneta kubwa kiasi gani, betri yenyewe huanza kupunguza kile inachokubali. Ile asilimia 20 ya mwisho inaweza kuhitaji saa nne, sita au zaidi, tena ikiwa volti inayofika kwenye vichwa vya betri ni 14.4 hivi. Mwendo wa kutoka Arusha hadi Karatu, yapata saa mbili na nusu, utairudisha betri kutoka nusu hadi karibu asilimia 80 ikiwa nyaya ni nzuri, na baada ya hapo safari ndefu zaidi haiongezi kwa kiwango kile ambacho watu wengi wanakitarajia.

Hapa ndipo jua linapoingia. Gari huleta mkondo mkubwa kwa muda mfupi, na paneli huleta mkondo mdogo kwa muda mrefu, ambao ndio hasa betri inauhitaji ili kumalizia kujaa. Betri ya risasi inayobaki kwenye asilimia 80 wiki baada ya wiki hujenga fuwele za salfeti juu ya mabamba yake, fuwele hizo hukomaa, na sehemu ya bamba iliyofunikwa hairudi tena kufanya kazi. Mwenye gari ataona betri ya 100 ikifanya kama ya 60, kisha ya 40, na atalaumu kiwanda. Ndiyo maana mfumo wenye paneli moja ya wastani pamoja na alteneta huilinda betri vizuri kuliko alteneta peke yake, hata kwa mtu anayeendesha kila siku.

Nitumie rilei au chaja ya betri kwa betri?

Rilei inayohisi volti ni kifaa rahisi: volti ya betri ya kuwasha ikipanda hadi kama 13.3 inaziunganisha betri mbili, na ikishuka hadi kama 12.8 inazitenganisha. Kwenye Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, ambayo alteneta yake hutoa karibu volti 14.2 muda wote, na ikiwa betri ya pili ni ya risasi na imewekwa chini ya boneti hatua moja kutoka ya kwanza, rilei inatosha na nisingemshawishi mtu atumie fedha zaidi.

Mambo hubadilika katika hali tatu. Ya kwanza ni pale betri inapokuwa nyuma ya gari au ndani ya karavani, kwa kuwa volti hupotea njiani. Ya pili ni magari mapya ambayo kompyuta hupunguza volti ya alteneta ili kuokoa mafuta, pengine hadi karibu 12.5, kiasi kwamba rilei hukatika katikati ya safari bila dereva kujua. Ya tatu ni lithiamu, ambayo ikiwa imepumzika hubaki juu ya volti 13, kwa hiyo rilei iliyowekewa 12.8 haitaachia hata injini ikizimwa, na betri zako mbili zitabaki zimefungamana usiku kucha. Zaidi ya hayo, lithiamu iliyoshuka humeza kila ampea inayopewa, na alteneta inayozunguka polepole wakati gari linanyata kutafuta simba, bila upepo wa kuipoza, inaweza kuungua. Chaja ya betri kwa betri huweka kikomo, kwa mfano ampea 20 au 25, na huipandisha volti hadi kiwango ambacho betri ya pili inakitaka.

Waya unatakiwa uwe mnene kiasi gani?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kabla ya yote, kwa sababu ndilo linaloamua kama fedha nyingine zilizotumika zitazaa matunda. Shaba ina ukinzani wa takribani omu 0.0172 kwa kila mita moja ya waya wenye milimita 1 ya mraba. Chukua betri iliyo mita 7 kutoka kwenye boneti, yaani karavani fupi au nyuma kabisa ya gari refu. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya unaohesabiwa ni mita 14. Ukipitisha ampea 20 kwenye waya wa milimita 2.5 za mraba, ule ule ambao mafundi wengi hutumia kwa soketi za nyumba, unapoteza karibu volti 1.9. Alteneta imetoa 14.2 na betri imepokea 12.3, ambayo ni chini ya volti ya betri iliyojaa. Katika hali halisi mkondo utajipunguza wenyewe hadi ampea chache, betri itaonekana inachaji kwa kuwa taa ya rilei inawaka, na jioni itakuwa pale pale ilipokuwa asubuhi.

Kwa waya wa milimita 6 za mraba upotevu ni volti 0.8, na betri inapata 13.4. Kwa waya wa milimita 16 za mraba ni volti 0.3 tu, na betri inapata 13.9. Hiyo ndiyo tofauti kati ya betri inayodumu na betri inayobadilishwa kila mwaka. Chaja ya betri kwa betri inasaidia, lakini haifuti kanuni hii: ili itoe ampea 20 kwa volti 14.4 kutoka kwenye ingizo lenye volti 12.5, itavuta karibu ampea 26, na waya mwembamba utapata joto zaidi badala ya kupata nafuu.

Kagua pia waya wenyewe kabla ya kulipa. Siku hizi kuna nyaya nyingi za alumini iliyopakwa shaba kwa juu, ambazo zinaonekana nyekundu na kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu, na ukiona weupe ndani basi si shaba tupu, ukinzani wake ni mkubwa kwa zaidi ya nusu, na hukatika upesi unapokunjwa. Vivyo hivyo, waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene haufai kwenye gari, kwa sababu mtikisiko huuchosha pale unapoingia kwenye kiungo hadi ukatike ndani ya ganda bila kuonekana.

Nitapimaje upotevu huo kwenye gari langu bila hesabu?

Tumia mita ya kawaida ya fundi umeme. Hakikisha betri ya pili imeshuka kiasi, washa injini, kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri ya kuwasha na ncha ya pili kwenye kichwa cha chanya cha betri ya pili. Kwa mfumo wa rilei, kile mita inachoonyesha ndicho kinachopotea upande wa chanya. Kwa mfumo wenye chaja, pima kutoka betri ya kuwasha hadi kwenye ingizo la chaja. Rudia kwa upande wa hasi. Jumla ikizidi volti 0.5, fuatilia kiungo kimoja baada ya kingine, na usishangae ukikuta upotevu mkubwa uko kwenye kiatu cha waya kilichobanwa kwa nyundo, au kwenye hasi iliyofungwa juu ya rangi ya bodi. Kiungo kibovu hujitambulisha pia kwa rangi: ganda la plastiki karibu nacho hugeuka kahawia na kuwa gumu.

Je, plagi ya trela inatosha kuchaji betri ya karavani?

Plagi ya pini 7 ya kawaida ni ya taa, haina waya wa kuchaji, na kuuchomekea betri waya wa taa ni kutafuta moto. Plagi ya pini 13 inayofuata kanuni ya ISO 11446 ina pini ya 9 yenye umeme wa kudumu na pini ya 10 inayopata umeme gari likiwa limewashwa, lakini nyaya zake kwa kawaida ni za milimita 2.5 za mraba, na hesabu iliyotolewa hapo juu inaeleza zitakufikisha wapi. Suluhisho lililozoeleka kwa wanaovuta trela Afrika Kusini na Australia, na ambalo sasa linaonekana hata huku kwetu, ni plagi ya Anderson ya ampea 50 iliyotengwa kwa ajili ya chaji pekee, ikiwa na waya wa chanya na wa hasi, yote miwili minene, inayotoka moja kwa moja kwenye betri ya gari. Usiutegemee mpira wa chuma wa kuvutia trela kuwa njia ya hasi. Una grisi, una kutu, na unagusana na kuachana kwa kila shimo.

Funga kifuniko cha plagi hiyo unapokuwa hujaunganisha trela, kwa kuwa vumbi laini la barabara zetu huingia kati ya mabamba ya plagi na kuongeza ukinzani taratibu.

Fyuzi ziwekwe wapi?

Fyuzi hulinda waya usishike moto, kwa hiyo ukubwa wake hufuata unene wa waya na mahali pake ni karibu na chanzo cha umeme, ndani ya sentimita 20 hivi kutoka kwenye kichwa cha betri. Waya unaounganisha betri mbili una vyanzo viwili, na kwa hiyo unahitaji fyuzi mbili, moja kila mwisho. Nimeona mara nyingi fyuzi moja tu ikiwa imewekwa upande wa betri ya kuwasha. Waya ukichubuka kwenye chuma cha chasisi, fyuzi hiyo itakatika kama inavyopaswa, na betri ya pili itaendelea kumimina mamia ya ampea kutoka upande wa pili mpaka ganda liyeyuke. Kwa chaja ya ampea 25 yenye waya wa milimita 16 za mraba, fyuzi za ampea 40 kila mwisho zinatosha, na waya upitishwe ndani ya bomba la plastiki kila unapovuka ukingo wa bati.

Gari langu ni la volti 24. Je, nichukue volti 12 kutoka kwenye betri moja?

Hapana, ingawa mafundi wengi hufanya hivyo. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani, pamoja na malori mengi, zina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Ukichota umeme kwenye moja tu, hiyo itakuwa inashuka huku mwenzake ikibaki imejaa. Alteneta haiwezi kuona tofauti hiyo, kwa sababu inapima jumla, kwa hiyo iliyojaa itachajiwa kupita kiasi na iliyoshuka haitajaa kamwe. Zote mbili zitaharibika, kila moja kwa ugonjwa wake. Nunua chaja inayopokea volti 24 na kutoa 12.

Ninahitaji paneli ya wati ngapi?

Matumizi ya ampea-saa 50 kwa siku ni karibu wati-saa 650, na ukijumlisha kinachopotea wakati wa kuchaji betri ya risasi unafika kama 780. Siku yenye jua zuri kwetu hutoa nguvu inayolingana na takribani saa 5 za jua kali kamili. Paneli ya wati 200 ikifanya kazi kwa asilimia 70 ya jina lake itakupa wati-saa 700 siku hiyo, yaani karibu mahitaji yote hata kama gari halijawashwa. Paneli ya wati 100 itakupa nusu, na inatosha kwa anayehama kambi kila siku. Mwezi Julai, mawingu ya baridi yanapotanda Arusha na Nairobi mchana kutwa, usitarajie hata nusu ya hapo. Panga kuendesha gari siku hizo.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati moja ambayo vitabu vilivyoandikwa Ulaya haviitaji. Arusha iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua haliendi mbali na utosi kwa zaidi ya nyuzi 27 wakati wowote wa mwaka. Paneli iliyolazwa juu ya paa inapoteza kidogo tu, na hakuna haja ya vyuma vya kuiinamisha. Iache nafasi ya sentimita kadhaa kati yake na bati ili hewa ipite chini yake.

Paneli yangu imeandikwa wati 100, kwa nini sizioni?

Wati hizo zimepimwa maabara, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa la gari seli hufika nyuzi 65 kwa urahisi, na kila nyuzi moja inayozidi hupunguza nguvu kwa takribani asilimia 0.4, kwa hiyo asilimia 16 imeondoka kabla vumbi halijahesabiwa. Vumbi nalo halisamehe. Futa paneli kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi wakati wa kiangazi, kabla haijapata joto.

Kivuli kina madhara kuliko vyote viwili. Seli za paneli zimeungana kwa mfululizo, na tawi moja la mgunga au chuma cha kubebea mizigo kikitia kivuli seli chache, mkondo wa safu yote hushuka. Mtu anayeegesha chini ya mti kwa ajili ya ubaridi wa hema ameikosesha betri yake chakula, na kwa mtu huyo paneli ya kukunja yenye waya wa mita kadhaa, inayowekwa juani huku gari likibaki kivulini, ni bora kuliko paneli ya paa. Waya huo nao uwe mnene, na uangaliwe dhidi ya nyani.

Chaji kontrola ya PWM au ya MPPT?

Kontrola hukaa kati ya paneli na betri na kudhibiti chaji. Ile ya PWM huiunganisha paneli na betri moja kwa moja na kuikata kwa vipindi, kwa hiyo paneli hulazimika kufanya kazi kwa volti ya betri. Paneli ya wati 100 iliyotengenezwa kwa mfumo wa volti 12 hutoa ampea 5.5 kwa volti 18, na kupitia PWM utapata ampea zile zile 5.5 kwa volti 13, yaani wati 72 hivi. MPPT huibadilisha volti ya ziada kuwa mkondo. Kwenye joto letu, hata hivyo, volti ya paneli yenyewe imeshuka, na faida ya MPPT juu ya paneli moja ya aina hii huwa karibu asilimia 10, pungufu ya ile inayoandikwa kwenye maboksi.

Hesabu ni nyingine kabisa kwa paneli kubwa za nyumba, ambazo Kariakoo na Luthuli Avenue zinauzwa kwa bei nafuu kwa kila wati. Paneli ya wati 250 yenye seli 60 hutoa ampea 8 na ushei kwa volti 30. Ukiipitisha kwenye PWM utapata kama wati 107, na zilizobaki umezilipia bure. Hapo MPPT ni ya lazima. Pia jihadhari na vifaa vilivyobandikwa neno MPPT ilhali ndani ni PWM. Kontrola halisi ya MPPT ina koili nzito ndani, kwa hiyo ile nyepesi kama ganda tupu, inayouzwa kwa bei ya PWM, itilie shaka.

Chochote utakachochagua, unganisha betri kwanza na paneli baadaye, na wakati wa kufungua anza na paneli. Kontrola huitambua betri kwanza ili ijue ni mfumo wa volti 12 au 24.

Je, sola na alteneta zinaweza kuchaji betri moja kwa wakati mmoja?

Ndiyo. Kila kimoja huangalia volti ya betri na kutoa kile kinachokubalika, na mikondo yake hujumlishwa. Hakikisha tu kwamba vyote viwili vimepangwa kwa aina moja ya betri, kwa sababu chaja iliyowekwa kwenye AGM na kontrola iliyowekwa kwenye lithiamu zitapingana juu ya lini betri imejaa.

Nitajuaje betri imejaa kweli?

Taa ya kijani si ushahidi. Kwa betri ya risasi na asidi, zima kila kitu, zuia chaji, iache saa kadhaa, kisha pima: karibu 12.7 imejaa, 12.4 iko robo tatu, 12.2 iko nusu, na 12.0 tayari imeingia mahali pabaya. Kupima wakati paneli inachaji au friji inafanya kazi hakukuambii lolote. Lithiamu haisomeki kwa volti, kwa kuwa hubaki karibu palepale kutoka asilimia 90 hadi 30, na mwenye betri hiyo anahitaji mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Betri ya maji inahitaji utunzaji gani?

Angalia kiwango kila mwezi, na kila wiki wakati wa joto kali. Ongeza maji ya betri yaliyoondolewa madini (distilled) pekee. Maji ya bomba yana madini yanayochafua mabamba, na kuongeza asidi, kama wafanyavyo wengine wakidhani wanaitia betri nguvu, huyala mabamba, kwa sababu kilichopungua ni maji na asidi bado imo. Wakati wa kuchaji betri hutoa haidrojeni, inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, kwa hiyo boksi lake liwe na tundu juu linalotoa hewa nje ya gari, na sigara ikae mbali.

Gari litakaa yadi msimu wote wa masika. Nifanye nini?

Jaza betri zote za risasi kabla ya kuliegesha. Kila moja iachiwe paneli ndogo ya wati 20 au 30 yenye kontrola, kwa sababu hujipunguza yenyewe, na kengele ya gari huongeza upotevu. Lithiamu ipumzishwe ikiwa nusu au zaidi kidogo, nyaya zikiwa zimefunguliwa.

Betri iliyokufa niipeleke wapi?

Irudishe dukani unaponunua mpya, au kwa mnunuzi mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira, ikiwa nzima na asidi yake ndani. Anayekuomba umwage asidi kwanza ili apime uzito wa risasi pekee, mkatalie. Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kati ya mwaka 2007 na 2014, na risasi ikaingia kwenye damu za watoto wao. Mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikaithibitisha mwaka 2024. Betri ya lithiamu haina risasi, lakini isitobolewe wala kutupwa kwenye jalala linalochomwa moto. Funika vichwa vyake kwa tepu na uirudishe kwa aliyekuuzia.